Kabati Lisilojua Kubembeleza

Saa mbili kasorobo asubuhi, kwenye kituo cha treni ya sumaku cha Chumbageni, watu mia tatu walishinda kwa wakati mmoja.

Hakuna aliyeshangilia. Ilisikika pumzi tu, "aah," ikitoka vifuani mwao kwa pamoja kama watu waliovua viatu vinavyobana. Kila mmoja alikuwa amebandika utando wake jichoni, ule mwembamba kuliko ganda la kitunguu, na ndani ya utando kila mmoja alikuwa na mchezo wake: huyu akipanga matofali, yule akifukuzana na simba, mwingine akipiga penalti uwanja mzima ukimtazama. Michezo mia tatu, washindi mia tatu. Aliyeyapanga yote hayo alikuwa Mlezi, akili-mashine iliyouendesha mji wa Tanga tangu mwaka elfu mbili sabini na moja. Mlezi aliyajua mapigo ya moyo ya kila mtu, na aliijua dakika hasa ya kumpa mtu ushindi ili apande treni akiwa anatabasamu, afike kazini akiwa anatabasamu, na asimuulize mkubwa yeyote swali lolote.

Katikati yao alipita mzee mmoja na ubao wa plaiwudi kichwani.

"Nipisheni," alisema. "Nipisheni, washindi."

Walimpisha bila kumtazama. Roboti-mbeba moja, lile la miguu minne mfano wa punda asiye na kichwa, lilimfuata kwa adabu.

"Shikamoo mzee wangu. Nikusaidie mzigo?"

"Nimekuomba?"

"Mgongo wako una dalili za—"

"Mgongo ni wangu. Kaangalie mgongo wa mama yako."

Roboti halina mama, likasimama pale pale likitafakari, na mzee akashuka zake kuelekea Mikanjuni.

Jina lake Hoza. Fundi seremala, miaka sitini na nane, shule aliachia darasa la nne. Jichoni hakuwa na utando. Aliubandua siku ya tatu baada ya kumzika mkewe, akautupa jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa na ukucha mweusi tititi, kwa sababu aliupaka rangi ya mafuta ya kupaka milango. Chini ya ukucha ule, kama kwa kila raia, kulikuwa na chembe ya taa iliyopandikizwa. Taa ya hali, ndivyo ilivyoitwa. Ikiwaka kijani, wewe mzima. Ikiwaka manjano, nenda zahanati. Ikiwaka nyekundu, gari la wagonjwa linakuja lenyewe kabla hujaita. Watoto wa mji ule walijifunza rangi hizo tatu kabla ya kujua kuhesabu.

Mwanjaa, mke wa Hoza, alikufa Jumanne saa nne asubuhi akichambua mchicha, na taa ya kidole chake ilikuwa kijani kama huo mchicha.

Miezi mizima kabla ya hapo alikuwa akisema, "Hoza we, nachoka mie. Sijui kifua hiki kina nini." Naye Mlezi alimjibu ndani ya utando, kwa ile sauti yake ya asali: "Unaendelea vizuri, Bi Mwanjaa. Leo umeshinda mara sita. Pumzika kidogo." Basi akapumzika kidogo. Hoza alikuwa akikishika kile kidole, akiitazama taa na kusema, "Kijani, mke wangu. Uzee tu huo." Hilo ndilo lililomla Hoza usiku na mchana. Na yeye aliitazama taa, na yeye akaiamini.

Alikwenda mara nne kwenye ofisi za Idara ya Utulivu, jengo lile la ghorofa arobaini lililomiminwa kwa katani na resini, linalong'aa kama jino la dhahabu. Mara zote nne walimkalisha kwenye kiti laini. Mara zote nne walimwambia jambo moja: marehemu alikuwa na furaha hadi dakika ya mwisho, asilimia tisini na nne. Kama vile alikwenda kuuliza habari za furaha. Wamesoma hao, wana vyeti vya kufunika ukuta, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumjibu fundi wa darasa la nne swali lake: ilikuwaje mtu akafa na taa kijani?

Hapo ndipo alipoanza kukusanya mbao.

Miaka arobaini na nne nyuma, karibu na stesheni ya zamani, kulikuwa na banda la mabati lenye mashine za gemu zilizoletwa na kontena la mitumba, zilizokuwa kuukuu hata wakati huo. Makabati marefu ya mbao, kioo usawa wa kifua, kijiti cha kuongozea na vitufe viwili. Pale ndipo kijana Hoza alipomwona Mwanjaa kwa mara ya kwanza, amekunja mikono ya baibui, akiwatwanga wanaume mmoja baada ya mwingine. Zile mashine hazikumjua mtu. Hazikuuliza umelala vipi wala moyo wako unapigaje. Ukikosea umekufa, na kioo kinakuandikia mbele ya watu maneno mawili ya kigeni ambayo hata asiyejua lugha aliyaelewa: basi, imekwisha.

"Nataka mji huu uwe na kitu kimoja tu," alimwambia rafiki yake Mgaza, "kitu kimoja tu kisichosema uongo."

Mgaza alikuwa kinyozi, jirani wa ukuta kwa ukuta, na zaidi ya yote mtani wake: Mzigua kwa Msambaa. Siku ya msiba wa Mwanjaa ni yeye aliyejilaza mbele ya jeneza akidai halipiti mpaka apewe kuku, hadi waliokuwa wakilia wakacheka. Utani ni kazi, na Mgaza aliifanya kazi yake.

"Kwa hiyo unajenga jeneza la kusimama," alisema sasa, akiuzunguka ubao uani. "Msambaa ukiachiwa peke yako utajizika."

"Nishikie hapo, acha maneno."

Kazi ilichukua miezi mitatu. Bodi ya gemu, ile sahani ya kijani iliyojaa vijipande vya chuma, aliipata kwa warithi wa fundi redio mmoja huko Sahare, imefungwa kwenye gazeti. Kioo kilikuwa televisheni ya chogo ambayo kuku walikuwa wakitagia ndani. Kichwa cha kijiti alikichonga kwa mpingo, duara kama tunda, akakipiga msasa mpaka kikateleza mkononi. Springi zilitoka kwenye lifti mbovu, vitufe alivikata kwenye ndoo ya plastiki. Umeme alijifunza kwa kurushwa. Kila waya alioulehemu vibaya ulimfundisha mara moja tu, na hakuna shule yenye mwalimu mkali kama huyo.

Ila ule ubao wa mbele, wa kuwekea kijiti na vitufe, ulimpiga chenga. Msumeno wa umeme huuma ubao kwa kupanda juu. Ukikatia usoni, unachana uso wote. Kwa hiyo seremala anayejiheshimu huchora mgongoni mwa ubao na kukata kutokea huko, uso ubaki safi. Hoza alichora mgongoni, akakata, matundu yakatoka mazuri kama yametobolewa na mashine. Alipougeuza ubao akaufunga mahali pake, akasimama ameduwaa. Ukigeuza ubao, kulia kunakuwa kushoto. Hakukumbuka.

Mgaza alicheka mpaka akashika ukuta. "Mashine zote za stesheni kijiti kilikuwa mkono wa kushoto! Ya Msambaa kulia! Hata gemu umeligeuza kinyumenyume!"

"Atakayeona tabu akacheze na Mlezi."

"Kata mwingine basi."

"Plaiwudi yenyewe imekwisha. Na ubao haujakosea, mkosaji mimi. Utakaa hivyo hivyo."

Ukakaa hivyo hivyo.

Siku ya kwanza ya kuliwasha, Hoza aliuondoa mlango wa uani kwenye bawaba zake ili anayepita aone. Gemu lenyewe lilikuwa jepesi kueleza. Chini kuna kijimtu chenye manati; juu wanashuka wadudu wenye mabawa, safu kwa safu. Uwapige kabla hawajakufikia. Ukimaliza safu zote, unapanda ngazi, nao wanaongeza mbio. Sheria ya Hoza ilikuwa moja, imeandikwa kwa chaki ubavuni mwa kabati: VUA KILA KITU CHA MLEZI. Utando ubanduliwe. Vinyozi, washonaji na wote waliovaa glavu tulizi, zile zinazotuliza mkono unaotetemeka ili kazi itoke sawa, nao wavue.

Wa kwanza alikuwa Bi Kibibi, mjane wa nyumba ya pili, mpika vitumbua, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alidumu sekunde kumi na moja.

"Imefanya nini hii?"

"Umekufa," alisema Hoza.

"Nimekufa vipi? Hata sijakaa sawa!"

"Wadudu hawakungoji ukae sawa, dada yangu."

Bi Kibibi alikitazama kioo kwa muda mrefu. Alikuwa hajashindwa na kitu kwa miaka ishirini. Midomo ikaanza kumcheza, macho yakalowa, Hoza akadhani amemuumiza. Kisha yule mama akapiga kabati kofi la ubavuni. "Mwanaharamu wee! Rudisha! Nasema rudisha, nimnyooshe!"

Wiki ile ya kwanza uani kwa Hoza palikuwa kama harusini. Watu walishindwa. Walishindwa wakapiga mayowe, wakalaumu jua, wakalaumu kijiti cha kulia, wakalaumu serikali. Waliposhinda, hata ngazi moja tu, waliruka kama wendawazimu, kwa sababu walijua hakuna aliyewapa. Mwalimu mstaafu mmoja alikaa chini ya ukuta baada ya kufa mara kumi na tatu, akasema taratibu, "Nilikuwa nimesahau kwamba nina hasira." Alisema kama mtu aliyeokota kitu chake kilichopotea.

Bingwa alikuwa Mgaza. Alivua glavu tulizi yake, akatema mate viganjani, akakamata kile kichwa cha mpingo kwa mkono wake wa kunyolea. Kufikia Ijumaa alikuwa amefika ngazi ya kumi na moja, na hakuna mtu aliyepata raha mtaani.

"Niiteni Sheikh wa Wadudu," alisema.

"Sheikh gani hana hata msuli," alijibu Bi Kibibi. "Shuka, zamu yangu."

Wiki ya nne akaja Bi Salha, afisa wa Idara ya Utulivu wa kata ile. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, sare ya buluu, ramani ya nyuso zote za mtaa imo kwenye kibao chake cha mkononi. Hakuwa mkali. Alikula kitumbua alichopewa, akamsifia fundi kazi ya mbao, kisha akatoa kikopo chenye kitu kidogo kama punje ya ufuta.

"Mzee Hoza, hii ni punje ya Mlezi. Unaibandika ndani kwenye bodi, basi. Mashine yako itabaki ilivyo. Ila itamjua mchezaji, itamsaidia pale anapozidiwa. Watu hawataumia."

"Yaani itawaachia washinde."

"Itawatunza. Huzuni katika mtaa huu imepanda mara tatu mwezi huu. Hasira usiseme. Mashine yoyote yenye kioo lazima iwe na punje, sheria unaijua. Nakupa siku saba. Zikipita, nitakuja kulichukua kabati, na mimi sipendi."

"Kama hupendi, usije."

Alitabasamu, akaenda zake. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Jumapili Mgaza alikufa ngazi ya nne.

Wiki iliyotangulia alikuwa amefia ya nane, na siku chache baadaye ya sita, watu wakasema sheikh kalewa sifa. Safari hii walicheka waziwazi. Mgaza alikigeukia kijiti kama mtu aliyeibiwa.

"Umekilegeza, Msambaa! Umeona nakaribia ngazi ya kumi na mbili, roho ikakuuma, ukalegeza springi!"

Hoza alifungua nyuma kwa bisibisi. Springi nzima, waya zote ziko mahali pake. Alimwita Bi Kibibi ajaribu, na Bi Kibibi, kwa kijiti kile kile, akafika ngazi ya saba akiimba.

"Rudia wewe," Hoza alimwambia Mgaza.

Safari hii Hoza hakutazama kioo. Alitazama mkono. Wadudu waliposhuka kutoka kushoto, mkono ulikwenda. Waliposhuka kutoka kulia, mkono ulijua pa kwenda lakini ulichelewa, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Kwa kinyozi aliyevaa glavu tulizi kutwa nzima, udhaifu ule usingeonekana. Glavu ilimshikia wembe. Na kwenye kabati la kawaida, lenye kijiti kushoto, ungeonekana wapi?

"Mtani, hebu nipe mkono."

"Unataka kunichumbia?"

"Nishike. Kwa nguvu zako zote."

Mgaza alimshika. Ilikuwa kama kushikwa na kitambaa kilicholowa. Hoza akaomba mkono wa kushoto, na ule wa kushoto ukambana mpaka mifupa ikalia. Mgaza aliinua kidole gumba chake, polepole, wote wakakitazama.

Taa ilikuwa kijani.

"Kijani, bwana," Mgaza alisema, lakini utani ulikuwa umemtoka sautini. "Si mnaona? Kijani."

"Nimeiona kijani hiyo," alisema Hoza. "Nimeizika. Vaa viatu."

Jumatatu walipanda basi la alfajiri kwenda milimani, mwendo wa saa tatu, hadi kwenye zahanati ndogo ya masista ambako mawimbi ya Mlezi hayakufika kwa sababu ya majabali. Sista Agripina, mwanamke mkavu mwenye miwani ya vioo viwili tofauti, alimlaza Mgaza ndani ya mashine kuukuu iliyonguruma kama kinu cha kukoboa mahindi. Alipotoka na picha hakuzunguka maneno.

"Kuna uvimbe kichwani. Ukubwa wa punje ya kunde. Uko upande wa kushoto, ndiyo maana unakunyima mkono wa kulia. Sindano yetu ya mwanga ni ya zamani lakini inachoma vizuri. Nakufanyia kesho. Nani aliwaambia mje?"

Wazee walitazamana.

"Mashine ya gemu," alisema Hoza.

Sista hakucheka. "Iambieni ahsante. Mngesubiri mwezi mmoja zaidi, ningekuwa na sala tu ya kuwapa."

Siku ya saba, Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, Bi Salha alirudi na maroboti-mbeba mawili. Alikuta uani hapana pa kukanyaga. Mtaa mzima ulikuwa umekaa chini, kwenye mikeka na ndoo na vigoda, na mbele kabisa, kichwa kimefungwa bendeji nyeupe kama kilemba cha bwana harusi, alikuwa Mgaza. Hakuna aliyekuwa akicheza. Kabati lilikuwa limewashwa, wadudu wakishuka wenyewe kioo kizima na hakuna wa kuwazuia.

"Assalaam alaykum," alisema Bi Salha. Sauti yake ilikuwa laini, laini mno, ile ile ya ndani ya utando. Maafisa wote wa Idara walifundishwa kuongea hivyo. "Mzee Hoza, umeiweka ile punje?"

"Sikuiweka."

"Basi naomba mnipishe."

"Kabla hujabeba," alisema Hoza, "mtazame huyu. Alikuwa na uvimbe kichwani. Taa yenu kijani. Kabati langu la plaiwudi, ambalo mjinga wa darasa la nne alilikata kinyume, limeuona. Mlezi wenu mwenye akili ya mji mzima hakuuona. Sasa niambie mbovu ni ipi, ichukuliwe hiyo."

Pengine kama angenyamaza tu, angeondoka salama. Lakini alikuwa mtu wa kazi, mwenye kuamini kazi yake, na neno mbovu lilimchoma. Alikitazama kibao chake haraka.

"Mlezi si mbovu, mzee wangu. Uvimbe wa Bwana Mgaza ulionekana tangu mwezi wa pili. Kipimo halisi kipo hapa."

Ilichukua muda lile neno kufika kila mahali uani. Lilifika kwanza kwa Mgaza.

"Tangu lini?"

Bi Salha alijua amekosea. Unaona mtu anapojaribu kurudisha neno mdomoni, shingo humcheza.

"Kuna kipimo halisi," alisema Hoza polepole, "na kuna kipimo cha taa. Viwili."

"Mzee Hoza, vitanda vya hospitali ni vichache. Vimekuwa vichache tangu kabla sijazaliwa mimi." Sasa aliongea haraka. "Mwenye nafasi ya kitanda, Mlezi humwashia manjano. Asiye na nafasi, umwashie manjano ya nini? Aende wapi? Akae nyumbani akiogopa kifo miezi kumi na mbili? Zamani walikuwa wakifa na hofu, mzee wangu, nimeona rekodi, wakilia, wakiuza vitanda vyao kulipa waganga. Sasa wanacheza, wanashinda, wanalala. Tulidhani ni huruma."

"Na saa tatu za basi?" aliuliza Mgaza. "Kwa masista? Hiyo nafasi mliihesabu?"

"Zahanati za nje ya mtandao hazimo kwenye hesabu."

Hoza alikaribia mpaka akawa hatua moja kutoka kwake. Watu walidhani atampiga. Maroboti yenyewe yaliinua migongo. Lakini mzee alishusha tu mikono, viganja wazi, vumbi la mbao bado limo kwenye mistari.

"Mwanjaa binti Kaoneka," alisema. "Jumanne, mwaka jana, mwezi wa sita. Nisomee."

"Siruhusiwi."

"Mara nne nimekuja kwenye lile jengo lenu. Mara nne mmenikalisha kwenye kiti laini. Nimesimama sasa. Nisomee."

Bi Salha alikitazama kibao. Kidole chake kikasita, kikagusa, kikateremka.

"Moyo," alisema. "Valvu, mlango wake mmoja. Mlezi aliona... miezi kumi na minne kabla."

Hoza alifumba macho. Ndani ya miezi kumi na minne alikuwa ametengeneza makabati ya nguo manane, milango ishirini na ngapi sijui, kitanda cha harusi cha mtoto wa mkurugenzi mmoja wa Idara hiyo hiyo. Saa tatu za basi. Alikuwa na nguvu ya kumbeba mgongoni mpaka kule milimani kama basi lingeharibika. Alikuwa akimwambia uzee tu huo.

Alipofumbua macho hakulia. Watu waliokuwepo wanasema alionekana kama mtu aliyetua ubao mzito ili aukamate vizuri zaidi.

"Sikieni nyote," alisema. "Niliwaambia wakubwa wameniulia mke, mkasema uchungu wa msiba. Mmesikia wenyewe. Waliona. Wakanyamaza, wakampa ushindi mara sita kwa siku." Akaligeukia kabati, akauvuta waya ukutani, kioo kikazimika kwa mlio mdogo. "Haya, Bi Salha. Beba. Halina punje na halitakuwa nayo. Ukilichoma nitajenga la pili, na la pili nitalijenga hapo barabarani, mchana kweupe, na kila mwenye msumeno nitamfundisha. Nifungeni, nitawafundisha wafungwa. Hamna mahali pa kuniweka ambapo hakuna mtu mwenye mikono."

Roboti-mbeba la kwanza lilipiga hatua kuelekea kabati. Bi Salha aliinua mkono, likasimama. Hata yeye mwenyewe huenda hakujua kwa nini aliliambia lisimame.

Hapo ndipo Bi Kibibi aliponyanyuka kwenye mkeka wake. Aliinuka kwa shida, akajikung'uta unga wa vitumbua mapajani, akabandua utando wake jichoni kwa ncha za kucha na kuuacha uanguke. Akatembea mpaka mbele ya afisa, akamnyooshea kidole gumba chake, kijani kinawaka.

"Mimi Kibibi binti Mwinchande," alisema. "Nisomee changu."

"Mama, tafadhali. Sheria—"

"Nisomee."

Nyuma yake yule mwalimu mstaafu alikuwa amesimama. Nyuma ya mwalimu, mshonaji na mkewe. Mikeka ilianza kubaki mitupu, mmoja baada ya mwingine, bila kelele, bila kusukumana, kila mtu amekunja ngumi na kidole gumba kimetokeza. Mgaza alijitahidi kusimama na bendeji yake, Hoza akamshika kwapa.

Bi Salha aliwatazama wote wale. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja mtaani kwao, alikitazama kidole chake mwenyewe. Kilikuwa kijani pia.

Akainua kibao, akatafuta jina. Akaanza, kwa ile sauti ya asali, "Unaendelea—"

"Sauti hiyo hapana," alisema Bi Kibibi. "Yako."

Bi Salha alirudi mwanzo wa mstari. Ilipotoka, sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo, yenye lafudhi ya Pangani ambayo hakuna mtu pale aliyewahi kumsikia nayo. Lakini alisoma, tarakimu moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.